Pumu ya ngozi: mtoto anajikuna usiku kucha, nifanye nini?

Mwanangu wa miezi sita ngozi ya mashavu imekakamaa na anajikuna sana. Ni upele?

Huenda ni ukurutu, ambao wengi tunauita pumu ya ngozi. Kwa wachanga huanzia mashavuni na kichwani. Wakikua huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Picha nyingi huonyesha ngozi nyekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Utaona rangi ya kijivu, zambarau au weusi uliokolea, na vipele vikavu vinavyokwaruza ukipapasa. Upele uliouuliza ni ugonjwa mwingine: huletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi, hukaa sana katikati ya vidole, na mara nyingi huwasha watu kadhaa nyumba nzima. Dawa yake ni nyingine kabisa.

Huu ukurutu unaambukiza?

Hapana, hata kidogo. Alale na wenzake, ale nao sahani moja, aende shule. Inauma kuona mtoto akitengwa kwa ugonjwa ambao hawezi kumpa mtu.

Basi unatoka wapi? Ni damu chafu?

Si damu chafu, kwa hiyo dawa za kusafisha damu ni hasara tupu. Ngozi yake haishiki maji vizuri. Inakauka, inapata nyufa ndogo, na kila kinachokera kinapenya. Mara nyingi ni kitu cha ukoo: utakuta baba ana pumu ya kifua, au shangazi ana mafua ya mzio. Jasho, vumbi, sabuni kali za dawa, manukato na nguo za sufu huuchochea.

Tunautibuje?

Mafuta kwanza. Wengi hutafuta dawa kali huku wakiruka hatua hii, ilhali ndiyo inayobeba matibabu yote. Muogeshe kwa maji ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10, kwa sabuni laini isiyo na harufu, bila dodoki. Mkaushe kwa kumgusagusa na khanga laini, usimsugue. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Rudia angalau mara mbili kwa siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri.

Nimeambiwa krimu za steroidi, zile za kutuliza muwasho na uvimbe, zinaharibu ngozi.

Zinaharibu zikitumiwa ovyo. Zikitumiwa sawasawa ndizo zinazozima muwasho, na mtoto anayenyimwa kwa hofu anaendelea kuteseka bure. Usoni hutumika iliyo hafifu, kama haidrokotisoni ya asilimia 1. Mwilini daktari anaweza kuandika yenye nguvu zaidi. Kamua mstari mmoja wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kikunjo cha kwanza: kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole. Paka sehemu zenye ugonjwa tu, kwa siku ulizoelekezwa, kisha pumzika na uendelee na mafuta.

Ninachokiogopa kwa dhati ni zile krimu mchanganyiko za dukani, zenye steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria ndani ya tyubu moja. Muwasho unatulia upesi, mama anafurahi, anapaka miezi na miezi. Ngozi inakuwa nyembamba, na kama kumbe yalikuwa mapunye, yanasambaa kimyakimya. Krimu za kujichubua nazo mara nyingi zina steroidi kali. Usimpake mtoto.

Nimwachishe mayai, samaki na maziwa?

Usimwachishe kwa kubahatisha, atakosa lishe. Kama kila akila kitu fulani anavimba au kutapika, mpeleke achunguzwe.

Mimi ni mtu mzima na vidole vinapasuka. Ni ugonjwa huohuo?

Unaweza kuwa. Mama lishe, madobi, wasusi na mafundi wanaoshika saruji huupata sana mikononi. Vaa glovu za mpira juu ya glovu za pamba, na upake mafuta kila baada ya kunawa.

Lini niwahi hospitali?

Ukiona magamba ya njano, usaha au homa, bakteria wameingia. Na vikitokea malengelenge mengi yenye maumivu, hasa usoni, mpeleke siku hiyohiyo: yaweza kuwa virusi vya hepesi vilivyosambaa kwenye ngozi iliyochubuka, na vikifika machoni vinaweza kumpofusha.