Patel: cheo cha kijiji kilichogeuka jina la ukoo

Patel ni jina la ukoo lenye asili ya Gujarat, jimbo la magharibi mwa India. Kabla halijawa jina, lilikuwa kazi. Patel alikuwa mkuu wa kijiji: alijua kila shamba ni la nani, alikusanya kodi ya ardhi na kuifikisha kwa mtawala, awe ni Mmughali wa Delhi, Mmaratha wa Baroda au Mwingereza. Waswahili tunaye mtu wa aina hiyo. Jumbe alikuwa mkubwa wa kijiji, na enzi za Wajerumani ndiye aliyetumwa kukusanya kodi ya nyumba. Leo Jumbe ni jina la familia, na Zanzibar imewahi kuongozwa na Rais Aboud Jumbe. Anayemwelewa jumbe hatapata taabu kumwelewa patel.

Neno lenyewe hurudishwa hadi kwenye Kisanskriti, pattakila, yaani mwenye patta. Patta ilikuwa hati ya kumilikishwa au kupewa usimamizi wa ardhi, na zamani hati za namna hiyo zilichorwa kwenye bamba la shaba. Jimbo jirani la Maharashtra lina neno hilohilo kwa matamshi ya Patil, na kazi yake ilikuwa ileile. Pratibha Patil, aliyekuwa Rais wa India kuanzia 2007 hadi 2012, jina lake linatoka kwenye shina hili.

Wagujarati wana majina mengi ya kazi, na mengine yameingia masikioni mwetu zamani sana. Soni ni sonara, na sisi hata neno tumelichukua kutoka huko. Darji ni fundi cherehani, Lohar ni mhunzi, Kansara ni mfua shaba, Mistry ni fundi wa mbao au wa ujenzi, Mehta ni mtunza hesabu. Wengi wa hawa ni mafundi ambao ufundi wao ulirithiwa na jamii nzima, kwa hiyo haishangazi jina likawa la watu wengi. Patel ni tofauti. Kijiji kilikuwa na patel mmoja, au familia chache zilizopokezana cheo. Sasa imekuwaje jina la mtu mmoja katika kijiji libebwe na mamia ya maelfu ya watu?

Jibu liko Charotar, nchi tambarare yenye udongo wa rutuba kati ya miji ya Ahmedabad na Vadodara (ndiyo Baroda), katika wilaya za Kheda na Anand za leo. Wakulima wa huko waliitwa Kanbi. Kulikuwa na utaratibu wa kugawa ardhi ya kijiji kwa mafungu, na familia zenye mafungu zilibeba kwa pamoja jukumu la kodi ya kijiji kizima. Fungu moja liliitwa pati, na mwenye pati akaitwa patidar. Hao ndio waliokuwa wenye kijiji, na kutoka kwao ndiko mapatel walikotoka. Waingereza walipoishika Kheda mwanzoni mwa karne ya 19, walirithi mfumo huo, wakauwekea daftari na karani.

Kilichofuata kilichukua karibu miaka 100. Mkulima wa kawaida wa Kikanbi aliyepata mali kwa tumbaku au pamba alitaka kutajwa kwa jina la wakubwa wa kijiji. Akajiita Patidar, na mwanawe alipoandikishwa shule au kazini akaandikishwa Patel. Karani hakuwa na sababu ya kukataa. Sensa ya 1931 ilipofika, jina la Kanbi lilikuwa limeshaonekana la kudharau, na jamii ikafaulu kuandikwa rasmi kama Wapatidar. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jina hili: wingi wa akina Patel hautokani na wingi wa wakuu wa vijiji. Unatokana na heshima iliyotamaniwa na wengi wakati uleule serikali ilipoanza kumtaka kila mtu awe na jina la ukoo kwenye karatasi.

Wasiolizoea jina kamili la Kigujarati huona maneno marefu tu, kumbe lina mpangilio ulio wazi. Chukua kiongozi maarufu kuliko wote wa jamii hii, Vallabhbhai Jhaverbhai Patel, aliyezaliwa Nadiad mwaka 1875, akasimama na wakulima wa Kheda dhidi ya kodi mwaka 1918 na wa Bardoli mwaka 1928, kisha akawa Naibu Waziri Mkuu wa kwanza wa India huru. Vallabh ndilo jina lake. Jhaver ni jina la baba yake. Bhai, yaani kaka, huongezwa kwa heshima, na kwa mwanamke huongezwa ben, yaani dada. Patel huja mwisho. Ndiyo maana kwenye majengo ya zamani ya miji yetu unaona herufi mbili na kisha Patel: ya kwanza ni ya mwenye jengo, ya pili ni ya baba yake. Katika mtaa wenye akina Patel kumi, herufi hizo mbili ndizo zilizofanya kazi ya kuwatofautisha.

Na Wapatel walifikaje kwetu? Watu wengi husema waliletwa kujenga reli. Hilo si sahihi kwa wengi wao. Reli ya Uganda, iliyojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, ilileta vibarua takriban 32,000 kutoka India, lakini wengi walitoka Punjab, na walio wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wapatel wa Charotar walikuja zaidi baada ya hapo, kwa nauli zao au kwa kuitwa na ndugu aliyetangulia. Kilichowasukuma kilikuwa njaa kuu ya 1899 na 1900, ambayo Wagujarati huiita Chhappaniyo yaani ya hamsini na sita, kwa sababu iliangukia mwaka wa 1956 wa kalenda yao, pamoja na mashamba yaliyogawanywa kwa wana hadi yakabaki vipande. Kilichowavuta kilikuwa kalamu. Charotar ilikuwa na shule, na serikali ya kikoloni ilihitaji makarani, wakuu wa stesheni, watunza stoo na wahasibu. Kijana aliyejua Kiingereza na hesabu alipata kazi Nairobi au Kampala, akaweka akiba, kisha akafungua duka au akaingia kwenye biashara ya pamba Uganda. Hata baada ya Vita vya Pili vya Dunia bado walikuwa wakija kwa meli, zikiwemo Karanja na Kampala, zilizofanya safari kati ya Bombay, Mombasa, Dar es Salaam na Durban. Walipokuwa wengi wakaanzisha vyama vyao, na jina la Patel Brotherhood likajulikana Nairobi na Dar es Salaam.

Wapo pia Wapatel wa Kutch, eneo kame la kaskazini magharibi mwa Gujarat, ambao historia yao ni nyingine. Hawa ni Leva Patel wa vijiji vinavyouzunguka mji wa Bhuj, kama Madhapar, Baladia, Kera na Sukhpar. Wao hawakuja na kalamu bali na nyundo na patasi: walikuwa waashi na wakandarasi, na alama ya mikono yao imebaki kwenye nyumba za mawe za Nairobi na Mombasa. Nitawarudia, maana bila wao hesabu ya jina hili haikamiliki.

Jina la Patel lisingeenea duniani kama lilivyoenea leo kama si misukosuko ya Afrika Mashariki. Kenya ilipitisha mwaka 1967 sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na Waasia wengi wenye pasi za Uingereza wakaanza kuondoka. Mwezi Machi 1968 Uingereza nayo ikafunga mlango kwa sheria mpya ya uhamiaji. Tanzania ilitaifisha mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na yaliyoguswa zaidi yalikuwa ya Waasia. Kisha tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, akawapa siku 90. Uingereza peke yake ilipokea zaidi ya watu 27,000. Walikaa Leicester, wakakaa Wembley na Harrow, wakafungua maduka ya magazeti na ya dawa. Leo Patel ni miongoni mwa majina 50 ya ukoo yenye watu wengi zaidi Uingereza, kwenye orodha moja na Smith na Taylor, ambayo nayo ni majina ya kazi.

Njia hii inaonekana hata kwa akina Patel wanaotajwa kwenye habari. Priti Patel, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza kuanzia 2019 hadi 2022, ni binti wa Wagujarati walioishi Uganda kabla ya kuhamia London miaka ya 1960. Mwigizaji Dev Patel alizaliwa London mwaka 1990 kwa wazazi waliotoka Nairobi. Baba wa Kash Patel, aliyeapishwa Februari 2025 kuongoza FBI ya Marekani, alitoka Uganda. Watatu hawa hawana undugu wowote unaojulikana, lakini familia zao zote zimepitia nchi zetu, na mimi naona ni vizuri msomaji wa Kiswahili ajue hivyo, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kama watu waliotoka India moja kwa moja.

Marekani ina takwimu nzuri kuliko nchi nyingi, kwa kuwa ofisi yake ya sensa huchapisha orodha ya majina ya ukoo. Sensa ya 2000 ilihesabu akina Patel 145,066, na jina likawa la 172 kwa wingi. Miaka 10 baadaye walikuwa 229,973, na jina likapanda hadi nafasi ya 95. Sababu kubwa ni sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyoondoa mgawo wa zamani uliotegemea taifa la asili na kutoa nafasi kwa ndugu kumwita ndugu. Sababu nyingine ni moteli. Familia ya Kigujarati iliyofika na akiba kidogo ilinunua moteli iliyochakaa kando ya barabara kuu, ikaishi humohumo, mume mapokezini, mke kwenye shuka na vyumba, watoto wakisaidia baada ya shule. Kazi na makazi vilipatikana kwa malipo ya pamoja, na faida ya moteli ya kwanza ilimkopesha binamu anunue ya pili. Kufikia 1989 wamiliki hawa walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao cha taifa, na leo Wamarekani wenye asili ya India wanamiliki karibu nusu ya moteli zote za nchi hiyo.

Kwa India yenyewe takwimu za namna hiyo hazipo, maana serikali haijachapisha hesabu kamili ya matabaka tangu sensa ya 1931. Lakini uzito wa kundi hili unaonekana kwa njia nyingine. Ushirika wa maziwa wa wilaya ya Kheda, ulioanzishwa Anand mwaka 1946 na kuzaa chapa ya Amul, uliongozwa na Tribhuvandas Patel. Na Agosti 2015 kijana Hardik Patel alipoitisha mkutano Ahmedabad kudai Wapatidar watengewe nafasi za kazi na vyuo, umati uliojaa uliitikisa serikali ya jimbo.

Lipo kosa ambalo watu hulifanya wakisikia Patel kaoa Patel: hudhani ni ndoa ya ndugu. Sivyo. Patel si ukoo mmoja wenye babu mmoja. Kwa desturi ya Charotar, walio ndugu ni watu wa kijiji kimoja, na hao ndio hawaoani. Mchumba alitafutwa kwenye duara la vijiji vyenye hadhi sawa, na duara hilo huitwa gol. La juu kabisa lilikuwa la vijiji sita: Karamsad, Nadiad, Vaso, Sojitra, Dharmaj na Bhadran. Kwa hiyo Mpatel akikutana na Mpatel mwenzake, iwe Kisumu au New Jersey, jina la ukoo halimwambii chochote. Atauliza kijiji.

Wala si kila Patel ni Mpatidar, au hata Mhindu kwa dini. Cheo kilikuwa cha kijiji, na vijiji vya Waislamu vilikuwa na mapatel wao. Ahmed Patel, mwanasiasa mkubwa wa chama cha Congress, alikuwa Mwislamu wa Bharuch, na mcheza kriketi Munaf Patel, aliyetwaa Kombe la Dunia na India mwaka 2011, ametoka wilaya hiyohiyo. Wapo na Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, wenye jina hili. Upande wa pili, kuna Wapatidar wa Charotar wanaoitwa Desai au Amin, vyeo vingine vya utawala na kodi vilivyogeuka majina kwa njia ileile. Mtu akikutana na Bwana Amin wa Kigujarati asikimbilie kudhani ni Mwislamu.

Na Wapatel wa Kutch, wale waashi, wengi wao wameshika majina ya mbari zao: Hirani, Halai, Kerai, Varsani, Vekaria, Pindoria, Bhudia. Katika jamii yao ni Leva Patel, na chama chao kinaitwa hivyo. Kwenye kitambulisho cha Kenya au pasi ya Uingereza ni Hirani. Wengine waliandikishwa Patel kaka akiwa Halai, kutegemea mzazi alimwambia nini karani wa siku ile. Orodha yoyote inayohesabu jina tu itawaacha maelfu ya watu hawa nje, na itawaingiza wengi ambao babu zao hawakuwahi kuwa na uhusiano na Charotar wala Bhuj.