Je, ni kweli mtoto mgahawani hali kingine ila chipsi?

Wengi tunaamini kwamba mtoto akipelekwa mgahawani hali kingine ila chipsi, soseji na soda. Ukimwekea mchicha utabaki sahanini. Imani hii ina chanzo: menyu nyingi, sehemu ya watoto, zimeandikwa hivyo hivyo, na mtoto huchagua katika anavyoonyeshwa.

Kinachojulikana ni kwamba ulimi hufundishika. Mtoto anaweza kukataa chakula kipya mara nane, kumi au zaidi kabla hajakizoea. Na wali maharage, ndizi za kupika au samaki wa nazi mara nyingi tayari vipo jikoni. Muulize mhudumu kama unaweza kupata nusu sahani.

Kinywaji ndicho tunachokisahau. Geuza chupa usome lebo. Tuseme imeandikwa sukari gramu 10 kwa kila mililita 100, na chupa ni ya mililita 350: hizo ni gramu 35. Kijiko cha chai hubeba karibu gramu 4 za sukari, kwa hiyo gawa kwa 4, unapata karibu vijiko tisa. (Jaribu kuvipima kwenye kisosi, uvione.) Kisha fanya hesabu hiyo hiyo kwa juisi ya boksi, ile tunayomnunulia tukidhani tumemwepusha na soda.