“Logo ninayo dada, iko WhatsApp” na mengine tunayoambiwa wadizaini

“Logo ninayo dada, iko WhatsApp.” Mwezi huu nimeambiwa hivyo na mwenye duka la vipuri, na katibu wa kamati ya harusi, na mchungaji mmoja mstaarabu ambaye hata kumkatalia naona haya. Wote wanataka bango, wote wanalitaka kesho. Nimechoka kurekodi ujumbe wa sauti kueleza jambo lile lile, kwamba picha ya logo iliyo kwenye simu haitoshi kuprintia bango, kwa hiyo naliandika hapa, na nikishaanza nitagusia na mengine yanayonikera.

Mjue tu kwamba nimewahi kukaa pande zote mbili za meza. Kabla ya kuwa mdizaini wa kujitegemea hapa Dar nilikuwa afisa ugavi: nakusanya profoma (makadirio ya bei), naandaa LPO (hati ya ofisi ya kuagiza mzigo au kazi), napokea mabango na vipeperushi na kuvisaini. Najua kinachopita kichwani mwa mteja anapoona bei. Kujua hakujanipunguzia hasira.

“Logo si unayo hapo?”

Ulichonacho ni picha ya logo. Picha ya kawaida, iwe JPG au PNG, imejengwa kwa vidoti vya rangi, yaani pikseli, na idadi ya pikseli haiongezeki kwa sababu wewe umeamua kuivuta. Faili la vekta linahifadhi umbo kwa hesabu: mstari unaanzia hapa, unapinda hivi, unaishia pale. Programu inapiga hesabu hiyo upya kila ukibadili ukubwa, ndiyo maana vekta ile ile inakaa kwenye kalamu na inakaa kwenye ukuta wa ghorofa, kingo zake safi.

Mwenye duka la vipuri alinitumia kipeperushi chake cha zamani, amekipiga picha kikiwa juu ya kaunta, kivuli cha mkono wake kimeangukia namba ya simu. “Kata logo hapo.” Nikaikata. Ilikuwa na upana wa pikseli 200. Yeye anataka ikae upana wa mita 1 kwenye bango la dukani. Gawanya mwenyewe: kila pikseli inakuwa mraba wa milimita 5, unauhesabu kwa kidole. Herufi iliyoonekana laini kwenye simu, pale juu ya mlango inakuwa ngazi.

“Basi iongezee quality.” Hapa ndipo huwa natamani kuzima simu. Programu za kukuza picha zipo na zinazidi kuwa nzuri, lakini zinabahatisha kilichokuwepo. Kwenye majani ya mti au nywele hutagundua. Kwenye maandishi utagundua haraka: “e” inaziba inafanana na “o”, tarakimu 8 inageuka 6, na kwenye bango la duka tarakimu ya simu ikikosewa bango lote ni la kutupa.

Kuna wajanja wanaorudi baada ya dakika kumi: “Haya, hii ni PDF.” Amechukua JPG ile ile akaitia ndani ya PDF. Hiyo ni picha iliyovalishwa kanzu. Kuitambua ni rahisi na huhitaji kuwa dizaina: fungua faili kwenye kompyuta, vuta mpaka asilimia 800, tazama ukingo wa herufi. Ukiona ukungu na vijiraba, ni picha. Ukingo ukibaki mkali kama wembe, ni vekta, niletee hiyo.

Halafu WhatsApp yenyewe. Ukituma picha kwa njia ya kawaida inabanwa, na upande mrefu mara nyingi hubaki na pikseli kama 1,600. Kwa kuprinti vizuri kitu cha kusomwa mkononi tunataka pikseli 300 kwa kila inchi. Pigeni hesabu: 1,600 inatosha sentimita 13 na nusu. Ukurasa wa A4 unataka 2,480 kwa 3,508. Bango linalotazamwa kutoka ng’ambo ya barabara halidai kiasi hicho, hata 100 kwa inchi zinatosha, lakini bango la mita 3 kwa 100 bado ni pikseli zaidi ya 11,800 upande mmoja. Tuma kama dokyumenti, au kwa barua pepe. Na kutuma kama dokyumenti hakuponyi faili lililokwishabanwa; kunazuia tu lisibanwe tena. Narudia kwa sababu watu huniletea ile ile iliyokwisha kuzunguka kwenye magrupu matano, sasa ikiwa dokyumenti, wakidhani wamenitendea wema.

Faili mama liko kwa aliyekuchorea mara ya kwanza. Mwombe faili la aina ya AI (la programu ya Illustrator), EPS, SVG, CDR au PDF ya vekta, na uiombe siku unamlipa, si miaka mitatu baadaye ambapo kijana wa watu kahamia Mwanza na laptop yake iliibiwa kwenye daladala. Litunze kwenye barua pepe yako, na nakala kwa mtu wa pili ofisini. Kampuni nilizozipelekea profoma zilikuwa na hati ya kiwanja kabatini, lakini logo yao ilikuwa kwenye simu ya sekretari aliyekwisha kuacha kazi.

Faili lisipopatikana, nachora upya, na kuchora upya natoza. Sikutozi kwa kunakili. Nakaa natafuta ile fonti ilikuwa ipi, nasawazisha duara ambalo kwenye picha limekuwa yai, nakisia rangi chini ya kile kivuli cha mkono wako.

Wadizaini wenzangu, na sisi tujirekebishe. Mteja akilipa mpe faili mama bila kumzungusha. Kumfungia logo yake ili arudi kwako ni ushamba. Na ukipeleka kazi Kariakoo kuprinti, kumbuka wengi wanatumia programu ya kuchorea ya CorelDRAW, na toleo lao huenda ni la zamani kuliko lako: hifadhi kwa toleo la chini, na geuza maandishi yawe maumbo, Ctrl+Q, kabla hujatoka nyumbani. Usipofanya hivyo na kompyuta yao haina fonti yako, itaweka fonti yoyote iliyo karibu, na fundi ataprinti hivyo hivyo.

“Kwenye simu ilikuwa kijani kali”

Ilikuwa. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, mwekundu, kijani na bluu. Karatasi haina mwanga. Inapakwa wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, na kila wino unaoongeza unakula mwanga unaorudi machoni. Kuna rangi ambazo skrini inaziweza na wino huo wa aina nne hauziwezi kabisa. Kijani kinachowaka, bluu ya umeme na chungwa kali ndizo hufa kwanza. Hapo fundi hajakuibia wino.

Karatasi nayo ina neno lake. Ile inayong’aa inaacha wino juu, rangi inasimama. Ile ya kawaida inaunyonya, rangi inazubaa. Upo wino wa Pantone unaochanganywa maalumu kwa rangi moja, lakini kwa vipeperushi mia mbili gharama yake haina maana. Ushauri wangu, na sitaubadilisha: lipia sampuli moja, kwenye karatasi ile ile, mashine ile ile, itazame nje mchana, kisha isaini. Kamati ikianza kuniambia rangi haikuwa hiyo, natoa sampuli yenye saini.

“Ni kazi ya dakika tano tu”

Kadi ya harusi, kwa mfano. Kupanga maua na majina si kazi ya siku nzima, nakubali. Kazi ni kamati. Natuma kadi saa mbili usiku. Saa tatu shangazi anasema jina la ukoo la bwana harusi lina “h”. Saa nne mjomba anauliza kwa nini marehemu babu ameandikwa kama bado yupo. Asubuhi wanagundua ukumbi umebadilika, mchana mtu anataka rangi ya send-off iwe ya harusi, na ile nafasi ya Mh./Dkt./Bw./Bi. wanataka irefushwe kwa sababu wageni wao wana vyeo virefu.

Bei yangu ina marekebisho mawili ndani yake. La tatu linalipiwa, na napokea maelekezo kutoka kwa mtu mmoja aliyeteuliwa. Tangu niweke sharti hilo, kamati zimegundua kwamba zinaweza kusoma kadi kabla ya kuijibu.

“Picha si ziko Google, bure”

Google inakuonyesha picha ilipo, haimiliki na haigawi. Mwenyewe yupo, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Mpige picha fundi wako mwenyewe akiwa kazini. Itauza kuliko yule Mzungu mwenye kofia ya njano ambaye yuko kwenye nusu ya matangazo ya ujenzi hapa mjini.

“Nitatengeneza logo Canva mwenyewe”

Tengeneza. Kwa tangazo la mnada wa Jumamosi, Canva, ile programu ya mtandaoni yenye violezo tayari, inatosha kabisa na hunihitaji. Ila mchoro uliomo kwenye violezo vyao anaruhusiwa kuutumia kila mtu, kwa hiyo huwezi kuufanya kuwa alama yako peke yako. Siku utakapotaka kusajili alama ya biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, utaelewa nilichokuwa nasema. Zile logo za akili bandia huwa zinakuja kwangu zikiwa pikseli, na tumeshaongea kuhusu pikseli.

“Umeacha kazi, sasa huna bosi”

Hii huniambia watu walio maofisini wanaotaka kunifuata, kwa hiyo nitaongea nao kidogo. Wengi huuliza laptop ipi wanunue na programu ipi wajifunze kwanza. Programu utaizoea. Nenda kakae kwa fundi wa kuprinti, hata kama ni kwa kumnunulia chai kila siku. Mtazame anavyopanga rundo kwenye mashine ya kukatia, kisu kinavyoteleza nywele moja tu, na kadi zisizo na ziada ya milimita 3 pembeni zinavyotoka na mstari mweupe upande mmoja. Ukishaona rundo zima linakwenda kwenye pipa hutahitaji kukumbushwa kuacha hiyo ziada.

Mabosi unao, na kalenda ni mmoja wao. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba ni oda za kalenda na shajara, hulali. Kisha kadi za harusi zinakauka Kwaresima, zinakauka Ramadhani. Mwaka 2025 na 2026 zimeingia karibu pamoja, kwa hiyo ukame ulikuwa mmoja mrefu. Ukiacha mshahara bila akiba ya kuvuka kipindi hicho, utaanza kukubali bei za aibu, na bei ya aibu ukishaikubali mteja huyo atakuletea na wenzake.

Tena usidhani kwamba ulichokuwa unafanya zamani umekitupa. Mhasibu, mwalimu, muuguzi, kila mmoja anakuja na kitu. Mimi ugavi ndio unanilisha kuliko jicho langu la rangi. Kwa mtu binafsi nataka nusu ya malipo kabla sijafungua programu. Kwa kampuni sianzi bila LPO. “Anza tu, LPO inasainiwa” nimeisema mwenyewe nikiwa ofisini, najua thamani yake. Kampuni itakukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma: kazi ya 400,000 utaona 380,000. Usianze kugombana na uhasibu. Dai hati ya zuio, maana hiyo 20,000 ni kodi yako iliyokwisha kulipwa TRA, na bila hati huna cha kuonyesha.

Wakikwambia wanalipa ndani ya siku 30, uliza zinahesabiwa kuanzia lini. Kwa kawaida ni siku invoisi ilipopokelewa uhasibu, wala si siku uliyokabidhi kazi, na wala si siku uliyomtumia yule dada wa masoko kwenye simu. Kwa hiyo ichapishe, ipeleke kwa mguu wako pamoja na nakala ya LPO na hati ya kupokelea mzigo, na usitoke mlangoni mpaka nakala yako imegongwa muhuri wenye tarehe. Invoisi isiyo na muhuri, mwezi ukiisha, watakuambia hawajaiona.