Nimepata 3.2 kwenye kipimo cha ung'ang'anizi (kwa Kiingereza, grit). Je, nina tatizo?

Alama hiyo ina maana gani?
Si ugonjwa. Kipimo hiki hakina mstari unaomtenga mzima na mgonjwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Angela Duckworth, na wenzake walikichapisha mwaka 2007 kikiwa na kauli 12. Mwaka 2009 kikafupishwa hadi 8. Kila kauli hupewa alama 1 hadi 5, kisha hutafutwa wastani. Angalia vizuri: baadhi ya kauli husomwa kinyume, na usipozigeuza alama zake (5 ikawa 1, 1 ikawa 5), hesabu yote inaharibika.

Ung'ang'anizi ndio uvumilivu?
Hapa wengi hukwama. Sisi humsifu mvumilivu hata anapokaa kimya na taabu zake. Kipimo hakiulizi hilo. Kinauliza kama unajituma hata baada ya kuanguka, na kama hamu yako hubaki kwenye lengo lilelile miaka nenda miaka rudi. Sehemu hii ya pili inanisumbua. Mama aliyeanza na vitumbua, akahamia mitumba, kisha akafuga kuku ili watoto wasome, anaweza kuonekana kigeugeu kwenye karatasi, ilhali lengo lake ni moja tangu siku ya kwanza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kujituma ndiko kunakoendana zaidi na matokeo ya masomo, si kudumu na hamu moja.

Mwanangu amepata chini kuliko watoto wa shule ya jirani. Nifanye nini?
Usiwalinganishe. Mtoto hujipima kwa wanaomzunguka. Akiwa kati ya wenye bidii sana, hujiona mvivu. Duckworth mwenyewe, pamoja na mwanasaikolojia mwenzake David Yeager, aliandika mwaka 2015 kwamba madodoso haya hayafai kulinganishia shule.

Na kipimo cha mtazamo (kwa Kiingereza, mindset)?
Hicho ni cha mwanasaikolojia Carol Dweck. Kinauliza kama unaamini akili hukua au umezaliwa nayo ikaishia hapo. Kuanza kuamini kuwa akili hukua husaidia masomoni, ila kidogo, na hasa wanafunzi wenye alama za chini.

Uhusiano na Mungu nao hupimwa?
Mtafiti Lynn Underwood alitunga maswali 16: ni mara ngapi unahisi utulivu, shukrani, au ukaribu na Mungu? Majibu mengi huanzia "mara nyingi kwa siku" hadi "karibu kamwe". Asiyetumia neno Mungu anaruhusiwa kuweka lake. Alama ya chini haisemi kuwa imani yako ni haba. Kwa anayemuuguza mtu mwenye maradhi mazito, majibu ya mgonjwa humwonyesha pa kuanzia mazungumzo.

Niende kituo cha afya lini?
Ikiwa kwa wiki mbili huna raha na chochote, usingizi umepotea na nguvu zimekwisha, hapo si suala la ung'ang'anizi. Huenda ni sonona, nayo ina dodoso lake, PHQ-9, ambalo mhudumu wa afya atalipitia nawe. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje wiki mbili: nenda leo, na mwombe ndugu akusindikize.