Kikaango chako cha nonstiki kimekufa, ila si kwa sababu ni feki

Watu wakiona tefloni, ule utando wa ndani unaozuia chakula kushika, inabanduka utasikia "nimeuziwa feki", wananunua kikaango cha bei zaidi, miezi michache hadithi ni ile ile. Jamani mara nyingi shida ni moto, tefloni inaanza kuharibika ikipita nyuzi joto 260 hivi na kikaango kitupu kwenye gesi iliyofunguliwa mpaka mwisho kinafika huko ndani ya dakika chache tu, hata mafuta hujaweka. Halafu unakuja kukisugua na stilwaya! Mi nonstiki nimeiachia mayai, moto mdogo, mwiko wa mbao. Chapati ni kikaango cha chuma kizito, kinashika kutu ukikiacha na maji, so nakikausha jikoni nakipaka mafuta kidogo basi. Sufuria ya wali angalia kitako, kikiwa chembamba utakula ukoko kila siku.