"Lugha ya Mama Hailipi" na Dhana Nyingine Zinazotugharimu Nairobi

Karibu kila lugha ya Kenya inasemwa mahali fulani Nairobi, na hapa hapa ndipo watoto wengi wanaposhindwa kuongea na nyanya zao wakifika mashambani. Kwa hiyo habari ya kukuza lugha na utamaduni kwa njia ya mtandao na biashara inatuhusu sana. Nasikitika kwamba vijana wenye vipawa huachia njiani kwa kuamini mambo ambayo hayana ukweli.

"Lugha ya mama haina soko"

Dhana hii ndiyo inayovunja mioyo mingi zaidi. Anayeiamini na aende River Road, katikati ya Nairobi. Muziki wa benga na mugithi, na baadaye filamu za gharama ndogo, nyingi zikiwa za Kikuyu, zilitengenezwa na kuuzwa katika mitaa ile hadi tasnia yenyewe ikapewa jina la Riverwood. Walioijenga ni wasanii na wachuuzi waliojua mteja wao anataka kusikia nini. Mwaka 2000 redio ya Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu, zikafuata redio nyingine za lugha za mama: Inooro, Ramogi, Mulembe, Musyi, Kass na nyinginezo. Mwaka 2015 Inooro ikapata televisheni. Vituo hivi huishi kwa matangazo ya biashara, na hakuna kampuni inayolipia tangazo mahali pasipo na wateja.

Kilichobadilika ni njia ambazo pesa hupitia. Wengi hufungua chaneli ya YouTube wakitegemea matangazo yawe mshahara. Kwa video za kawaida, YouTube inadai wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kuanza kukugawia mapato ya matangazo, na mtazamaji aliye Kenya huingiza kidogo kuliko aliye Marekani au Uingereza. Wengi hukata tamaa wakiwa hapo. Ningewashauri waione chaneli kama kibao cha dukani: kazi yake ni kumwonyesha mteja mlango. Bidhaa ziko ndani. Kuna masomo ya Dholuo au Kikamba kwa watoto waliozaliwa ughaibuni, ambao wazazi wao wako tayari kulipa. Kuna kutia sauti matangazo, kutafsiri, kuandika manukuu ya video, kuwa MC wa ruracio (sherehe ya mahari ya Kikuyu), kuandaa hadithi za watoto za kusikiliza, kuuza shanga na mavazi. Namba ya Till, ile ya biashara ya kulipiwa kwa M-Pesa, inatosha kupokea malipo ya Nairobi, na ndugu walio nje wana njia za kutuma pesa hadi kwenye M-Pesa.

Ughaibuni ndiko naona tumelala zaidi. Mtu aliyekaa miaka mingi mbali na kwao ana kiu ya kusikia methali zikitamkwa sawasawa. Anayemletea kitu hicho kila wiki, kwa sauti safi na bila kukosa, amepata mteja wa kudumu.

"Lugha za makabila makubwa ziko salama"

Sensa ya 2019 ilipata Wakikuyu zaidi ya milioni 8, Waluhya zaidi ya milioni 6 na Waluo wapatao milioni 5. Watu husoma takwimu hizo wakatulia, wakidhani wa kuhurumiwa ni Waelmolo wa Ziwa Turkana na Wayaaku wa Laikipia peke yao. Lugha za jamii hizo mbili kwa kweli ziko pabaya mno. Hata hivyo, takwimu hizo ni za kabila, wala hazituambii ni wangapi wanaoisema lugha yenyewe. Mtoto wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi anayesemeshwa Kiluhya akajibu kwa Sheng amehesabiwa pamoja na babu yake wa Kakamega. Lugha huponea midomoni mwa watoto, na watoto wa jiji hili wako kwenye simu. Katuni moja nzuri ya Kiluhya ingewafikia pale ambapo mawaidha ya wazee hayafiki.

"Huo ni ukabila"

Siipuuzi hofu hii. Baada ya uchaguzi wa 2007 baadhi ya vituo vya lugha za mama vililaumiwa kwa kuchochea chuki, na watu walikufa nchini. Lakini uchochezi hufanywa kwa lugha yoyote, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 huadhibu matamshi ya chuki bila kujali yametamkwa kwa lugha gani. Tukumbuke pia kwamba mwaka 1928 Jomo Kenyatta alikuwa mhariri wa Muigwithania, gazeti la Kikuyu lililotetea ardhi na haki za Waafrika chini ya mkoloni.

Wanaosema tutadhoofisha Kiswahili wasome Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Kinaifanya Kiswahili lugha ya taifa, na papo hapo kinaiagiza serikali ikuze lugha za kienyeji, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Weka manukuu ya Kiswahili kwenye video yako ya Kimeru, na jirani Mmijikenda ataifuata.

"Simu haijui lugha yetu"

Herufi ĩ na ũ, zinazotumika kuandika Kikuyu na Kikamba, zimo kwenye Unikodi, mfumo ambao kompyuta na simu hutumia kutambua herufi za lugha mbalimbali, na kibodi zenye herufi hizo hupakuliwa bure. Tuziandike.

"Utamaduni ni wa wote, chukua tu"

Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni inamtaka anayetaka kuvitumia kibiashara aombe idhini ya jamii husika kwanza. Nayo jamii inaweza kujilinda mapema: wasusi wa vikapu vya Taita walipata alama ya pamoja ya biashara kupitia KIPI, taasisi ya hakimiliki za viwanda.

Tahadhari hiyo hiyo inahitajika kwenye sauti zetu. Watengenezaji wa akili mnemba wanazitafuta rekodi za lugha zetu. Ukirekodi katika Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya rekodi za sauti za lugha mbalimbali, unaitoa sauti yako bure kwa yeyote aitumie, hata kibiashara. Ni mchango mwema kwa anayeutoa akijua. Kampuni ikikuita studioni, soma mkataba kabla ya kufungua mdomo: rekodi itatumika wapi, kwa muda gani, na ikiuzwa tena utalipwa nini.