Swali Lililomo Kwenye Rejista: Kuwalea Watumishi wa Afya Wanaoanza Utafiti Vijijini

Muuguzi au tabibu wa zahanati ya kijijini anapoomba kusaidiwa kuanza utafiti, mara nyingi huja na swali lililouzidi muda alionao. Husema, kwa mfano, kwamba anataka kujua kwa nini wajawazito huchelewa kuanza kliniki. Swali hilo limetokana na anachokiona kila siku, na si haki kulipuuza. Lakini jibu lake lingedai mahojiano ya miezi mingi, tena na watu ambao hawafiki kituoni kabisa. Kazi ya kwanza ya mlezi wa kitaaluma, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote, ni kukaa naye mpaka swali lipungue na kuwa jambo ambalo rejista iliyo mezani inaweza kulijibu: kati ya wajawazito walioandikishwa mwaka uliopita, ni wangapi walihudhuria kwa mara ya kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza katika mwongozo wake wa mwaka 2016, na je, wanaotoka mbali wanatofautiana na wanaoishi karibu?

Hapo rejista ifunguliwe, wote wawili wakiwa wameketi mbele yake. Katika safu ya umri wa mimba watakuta namba 4 peke yake, isijulikane kama ni wiki au miezi. Mstari wa chini yake watakuta kistari, na ukurasa wa pili nafasi tupu. Anayeanza hushawishika kujaza pengo kwa makisio, kwa nia njema kabisa, maana amezoea kusahihisha rejista kabla ya kutuma ripoti ya mwezi. Mlezi amweleze bila kumwaibisha kwamba nafasi tupu si sifuri, kisha waandike kanuni kabla ya kuhesabu lolote: namba isiyo na kipimo ilinganishwe na tarehe ya hedhi ya mwisho, na ikishindikana ihesabiwe kuwa haijulikani, na idadi ya zisizojulikana itajwe wazi kwenye ripoti. Katika kikao hicho mlezi naye hujifunza, kwa sababu mwenyeji ndiye ajuaye kwamba rejista iliwahi kwisha, kukatumika daftari la kawaida ambalo bado limo kabatini.

Ujuzi huo wa mwenyeji una thamani ya kisayansi. William Pickles, daktari wa vijijini Yorkshire, Uingereza, alifuatilia mlipuko wa homa ya ini mwaka 1929, na kwa kuwa alizifahamu familia alizozitibu, aliweza kueleza nani alikutana na nani na siku gani, akakadiria muda unaopita kati ya kuambukizwa na kuugua. Katika hospitali ya mji mkubwa, ambako wagonjwa hawafahamiani, hesabu hiyo ni ngumu mno kuifanya.

Lakini kufahamiana huko huko kuna hatari, na mlezi asisubiri kamati ya maadili ya utafiti iiseme. Kijijini, kuondoa jina hakutoshi: umri wa miaka 15, mimba ya mapacha na jina la kitongoji vikiandikwa pamoja, kila msomaji wa eneo hilo atamtambua binti huyo. Isitoshe, mama anayetegemea matibabu kwa muuguzi yule yule anayemwomba ridhaa huona vigumu kukataa, ndiyo maana Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu uliopitishwa mara ya kwanza mwaka 1964, sasa linaelekeza kwamba katika hali ya namna hiyo ridhaa iombwe na mtu mwingine mwenye sifa, asiyehusika na uhusiano huo.

Warsha ya wiki moja haitoshi kwa haya yote. Mpango wa SORT IT, wa kuwafunza watumishi wa afya kufanya utafiti, unaoratibiwa na TDR, programu ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki iliyo Shirika la Afya Duniani, humpatia mshiriki walezi tangu kuandika andiko la utafiti hadi makala kupelekwa jaridani, na naona huo ndio mwelekeo sahihi. Pale mtandao unaposumbua, miadi ya simu ya siku na saa ileile, yenye kazi moja ndogo ya kukamilisha kabla ya miadi inayofuata, husaidia kuliko ujumbe mrefu. Mkuu wa kituo ahusishwe mapema ili saa za utafiti zionekane kwenye ratiba ya zamu. Zisipoonekana, mtumishi atafanya uchambuzi usiku, baada ya kuzalisha.

Suala la majina ya waandishi lizungumzwe siku ya kwanza. Vigezo vya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba vinahesabu ukusanyaji wa takwimu kuwa mchango, ila vinamtaka mwandishi pia ashiriki kuandika au kuhakiki makala, aidhinishe toleo la mwisho na akubali kuiwajibikia. Kwa hiyo anayekusanya takwimu bila kuonyeshwa rasimu hunyimwa nafasi ya kuvitimiza, na kosa hilo ni la mlezi.

Matokeo nayo yarudi kwanza kwa wanaoijaza rejista, katika kikao cha asubuhi, kabla hayajapelekwa kwenye mkutano wowote. Wakionyeshwa ni mistari mingapi iliyoachwa nje kwa sababu ya ile namba 4, wataanza kuandika “wiki 16”.